Kipande cha Nne

Fundi hakukosea. Naanza na hilo kwa sababu hapa Chepseon, kuanzia steji ya matatu hadi kwenye foleni ya kupima majani chai, inajulikana kwamba tangi la samaki la mwalimu lilipasuka kwa sababu ya stendi mbovu ya fundi. Habari hiyo niliieneza mimi, na ni uongo.

Nafundisha fizikia. Kila mwaka nilikuwa nikiwakusanya watoto wa kidato cha kwanza mbele ya kopo lenye matundu matatu, waone jinsi maji ya tundu la chini yanavyotoka kwa nguvu kuliko ya juu. Kwa hiyo bonasi ya chai ilipoingia Oktoba, nami nikaamua kujenga tangi kubwa la samaki sebuleni, kioo sikukibahatisha. Urefu sentimita 180, upana 60, kimo 60. Maji yakifika sentimita 55, kioo cha mbele peke yake kinasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 270 hivi. Kinachosukuma ni kina pamoja na ukubwa wa kioo, hata tangi likiwa jembamba kama kabati la vitabu. Nikanunua kioo cha milimita 12. Silikoni nilichagua ile inayonuka siki, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa kuwa ile ya bafuni hudhuru samaki. Nikaiacha wiki mbili nzima, maana huku kwetu, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, baridi huichelewesha kukauka. Kazi ile ya kioo ilikuwa safi. Ndiyo pekee nitakayojisifia hapa.

Stendi niliiona ni meza tu, na meza ni kazi ya seremala.

Fundi alipokuja aliuliza uzito kabla ya kuuliza vipimo. Nikampigia hesabu: maji karibu kilo 600, kioo kama 120, changarawe 60. Akatazama sakafu, akanitazama mimi. "Mwalimu, unataka kusimamisha ng'ombe wa Friesian juu ya meza, tena asishuke."

Akaomba mambo mawili. La kwanza, mbao. Nilikuwa na mkaratusi nilioangusha Septemba kwenye mpaka wa shamba, mti uleule unaochomwa viwandani kukaushia chai. Akaugonga kwa kucha, akasema bado unalia, niuache hadi Machi. Nikakataa. Ndugu zangu walikuwa wanakuja Krismasi, nami nilitaka walikute tangi limejaa. La pili, nguzo ya katikati mbele. Hilo pia nikalikataa, kwa sababu nguzo ingezuia milango ya kabati kufunguka vizuri.

Hakubishana. Alifunga boriti kwenye miguu kwa skrubu, kisha kila pembe akasimamisha kipande cha mbao kutoka chini kabisa hadi kwenye tumbo la boriti. Vipande vinne. Nilimuuliza vya nini, ilhali skrubu zipo. "Skrubu ni ya kushika, si ya kubeba," akanijibu. "Mzigo ushuke juu ya mbao hadi chini." Sentensi hiyo ingetosha somo la dakika arobaini. Hakunidai senti kwa vile vipande.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe. Siku mbili kabla ya kujaza maji, nilileta chujio, lile la mtungi linalokaa chini ya tangi. Mabomba yake hayakupita pembe ya nyuma kulia. Kilichozuia kilikuwa kipande cha fundi. Ningeweza kumwita, karakana yake ni mwendo wa dakika kumi. Ningeweza kulisogeza chujio upande wa pili na kununua mita moja ya bomba. Nilichukua nyundo. Kipande kilitoka kwa mapigo matatu, nikakitumia kukazia mlango wa jikoni, ambao lachi yake ilikuwa imekufa.

Tangi likajazwa kwa maji ya mvua kutoka kwenye tangi la nje, na halikulia hata kidogo. Nikashuka Kisumu kutafuta fulu. Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya aina za samaki hawa wadogo wa rangi wasiopatikana kwingine duniani, kabla mbuta aliyepandikizwa humo miaka ya 1950 kuwamaliza wengi kufikia miaka ya 1980. Baadhi ya aina zimebaki hai kwenye matangi ya Ulaya na Marekani. Wageni waliponiuliza, niliwaambia nami nachangia kuwaokoa. Ukweli ni kwamba nilipenda kuona watu wakisimama mlangoni na kushangaa. Mama yangu, ambaye watoto wanamwita Kogo, ndiye hakushangaa. Aliketi akawatazama robo saa nzima, akauliza, "Hawa mnawala lini?"

Januari jua lilikuja kali, kama kawaida yake. Mkaratusi mbichi ukaanza kunywea. Ndani ya sebule nilikuwa na vipasha-maji viwili vya wati 300 vikifanya kazi usiku kucha, maana fulu wa Kisumu wanataka nyuzi 25 na usiku wa Chepseon hauzijui nyuzi hizo. Mbao ikinywea, skrubu hulegea kwenye tundu lake. Pembe tatu mzigo ulikuwa umekalia mbao. Ya nne ulikuwa umening'inia kwenye chuma.

Na niliona. Hili ndilo linaloniuma kuliko nyundo. Siku tano kabla, niligundua upande wa kulia maji yamekaribia ukingo kuliko kushoto. Nikapima kwa rula: milimita 7. Fundi anatumia pima maji kujua kama kitu kimelala sawa. Mimi nilikuwa na pima maji ya lita 600 sebuleni, inanionyesha wazi kwamba pembe inazama. Nilikunja karatasi za mtihani wa muhula uliopita nikazisokomeza chini ya mguu. Maji yakasawazika, nikaenda kulala.

Lilipasuka saa tisa usiku. Sikusikia mlio wa kioo bali wa maji, kama mtu amefungua mlango wa gari la tangi. Soketi ya kurefusha umeme ilikuwa sakafuni, na binti yetu mdogo alikuwa amekwisha kuamka na kusimama kwenye korido miguu mitupu. Swichi kuu ilijikata yenyewe. Sina sifa katika hilo. Sikuwa nimepanga lolote. Mama watoto alimnyakua mtoto, mimi nikapapasa gizani kuokota fulu chini ya makochi. Tuliokoa saba kwenye sufuria. Kufikia jioni walikuwa wawili, na kesho yake hakuna.

Kulipokucha majirani walianza kufika. Kabla hawajaingia uani, nilikwenda jikoni, nikachukua kile kipande mlangoni, nikakitia kwenye moto wa chai. Kisha nikatoka nikasema maneno haya: "Fundi amenimaliza." Mtu hatumwi na hasira kuchoma ushahidi kwanza ndipo alalamike. Nilijua ninachofanya.

Fundi alikuwa ameahidiwa kazi ya viti vya kanisa. Mwezi uliofuata kazi ilipewa mtu mwingine, kutoka upande wa Kipkelion. Nilikuwamo kwenye kikao. Mzee mmoja aliuliza, "Si ni huyu wa tangi la mwalimu?" Nikainamia kitabu changu cha nyimbo.

Nilimwendea Aprili. Nilimkuta akipiga randa, nikamweleza yote, pamoja na kipande na moto. Hakusimamisha randa. Alisema alipita kwangu wiki ileile nikiwa shuleni, akaona stendi imetupwa nje kando ya zizi. "Nilihesabu vitatu," akasema. "Nilivikata vinne, mwalimu." Nilimpa pesa, akachukua zile za nauli na mbao tu, nyingine akanirudishia.

Jumapili nilisimama kanisani nikasema, lakini viti vilikuwa vimeshakaliwa. Wengi wenu hamkuwepo siku ile, na wengine mliisikia habari ya kwanza mkiwa mbali, Londiani na Kericho mjini. Basi isikieni na ya pili: stendi ilikuwa nzima hadi nilipoigusa. Mwenye kazi ya mbao ampelekee yule fundi, na akimwambia mbao hazijakauka, azirudishe nyumbani zikauke.