Kutu na Subira

Wahenga walinena kuwa bandu bandu huisha gogo. Yamkini aliyeibuni methali hiyo alikuwa amemtazama mpasua kuni akiwa kazini. Lau angaliishi Mombasa na kumiliki pikipiki yenye umri wa miaka 30, angaliinena vivyo hivyo kwa ajili ya kutu. Kutu haina kishindo. Haivunji wala haipasui, bali humega chembe kwa chembe usiku na mchana, hadi siku mwenye chombo atakapoitia spana nati na kukuta kuwa nati na bolti yake zimekwisha kuwa kitu kimoja.

Mombasa ni kisiwa, na chuma cha kisiwani hakina likizo. Kuanzia mwezi wa Aprili hadi Septemba kusi huvuma kutoka baharini, likibeba chembechembe za maji ya chumvi zinazotua juu ya kila kitu. Kaskazi likishika zamu, unyevu haupungui kwa kiasi cha kukipumzisha chuma. Fauka ya hayo, visima vingi vya huko vina maji ya magadi au ya chumvi, na ndiyo aghalabu yanayotumiwa kuoshea vyombo vya usafiri. Hivyo basi, mwenye pikipiki huiosha kwa nia njema, ikang'aa mbele ya macho yake, kumbe amekwisha kuipaka adui yake yule yule.

Chuma, maji na hewa vikikutana huzaa kutu, na chumvi huharakisha uzazi huo. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, zaidi ya maradufu. Ndiyo sababu nati iliyofungwa kwa mkono mwepesi miaka 10 iliyopita haifunguki leo hata kwa nguvu za vijana wawili: kutu imefura ndani ya hesi na kujipigilia kama kabari. Mahali ambapo bolti ya chuma imeingia katika aluminiamu ya injini, mambo huwa mengine. Metali hizo mbili zikiloweshwa maji ya chumvi hufanya kazi kama betri ndogo, na inayoliwa ni aluminiamu. Ungaunga mweupe unaoonekana pembezoni mwa bolti ndio ushahidi. Wapo wanaodhani kuwa dawa ni kununua bolti za chuma kisichoshika kutu. Bolti hizo hubaki ziking'aa kweli, ilhali aluminiamu inayozizunguka huzidi kuliwa, hasa zikifungwa bila grisi.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Likoni aliyajua haya kwa nadharia kabla ya kuyajua kwa mikono. Pikipiki yake ya Kijapani aliinunua alipokuwa angali kazini, miaka mingi kabla ya mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo na bodaboda zikatapakaa kila mahali. Kila asubuhi alimpakia mjukuu wake, wakateremka kivukoni na kuabiri feri hadi kisiwani, kwenye shule ya mtoto. Anayekijua kivuko cha Likoni anaujua mteremko ule unaoelekea majini, na umati wa watu wanaotembea kwa miguu ukiwa umeujaza pande zote. Hapo breki si pambo.

Breki ya nyuma ilikuwa imeanza kulegea. Kila ilipolegea, Mwalimu alikaza nati ndogo iliyo nyuma ya fimbo ya breki, nayo ikatii. Kisha ikafika siku ambapo nati hiyo ilifika mwisho wa hesi zake, pasiwe na nafasi ya kukaza tena. Maana yake ilikuwa moja tu: viatu vya breki vimeisha, sharti gurudumu litolewe. Lakini ekseli ya gurudumu ilikuwa imeganda. Ilishikamana na beringi na bomba dogo lililo kati ya beringi hizo, na haikuweza kuzunguka wala kusogea.

"Mwalimu, hii tukate," fundi alisema, akiwa ameushika msumeno wa umeme. "Kabla ya adhuhuri utakuwa umeshafika nyumbani."

"Na ekseli nyingine tutaipata wapi, mwanangu? Pikipiki za aina hii wameacha kuziunda zamani."

"Basi tuipige nyundo."

"Ukiipiga kichwani itatanuka kama uyoga, isipite tena tunduni. Tia mafuta, tuiache."

Fundi hakupinga, ila aliuliza swali lililokuwa zito kuliko nyundo: je, kesho mtoto atakwenda na nani shuleni? Ama kwa hakika hapo ndipo penye kiini cha jambo. Subira husifiwa sana na wasioilipia. Mwalimu angaliweza kusema kuwa breki ya mbele ingali nzima, kwamba atakwenda polepole, kwamba ni wiki moja tu. Hakusema. Aliiacha pikipiki kwa fundi, na kwa siku 4 babu na mjukuu walitoka nyumbani alfajiri, wakatembea kwa miguu hadi ndani ya feri, kisha wakadandia matatu upande wa pili.

Asubuhi na jioni fundi alitia mafuta mepesi ya kupenya kwenye ncha zote mbili za ekseli. Moto hakuutumia. Moto ni dawa nzuri ya bolti iliyoganda ndani ya aluminiamu, kwa kuwa aluminiamu hutanuka takriban mara mbili ya chuma, tundu likaiachia bolti. Hata hivyo, karibu na beringi, grisi na mipira, dawa hiyo hugeuka sumu. Siku ya nne aliirudisha nati hadi ikawa sawa na ncha ya ekseli ili kuzilinda hesi, akaweka kipande cha shaba juu yake na kugonga taratibu, huku msaidizi wake akikizungusha kichwa cha ekseli kwa spana, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ekseli ilitoa mlio kama wa mlango wa kale, ikageuka robo ya mzunguko, kisha nusu. Baada ya saa nzima ilitoka, nyekundu kwa kutu lakini nzima.

Viatu vya breki vilipotolewa, fundi alivitazama na kumpa Mwalimu bila neno. Utando wa kusugulia ulikuwa umebaki mwembamba kama ukucha, na upande mmoja chuma kilikuwa kimeanza kuchungulia. Mwalimu alivigeuzageuza kiganjani. Mteremko wa kivukoni ulikuwa umewasamehe mara nyingi kuliko walivyojua.

Ekseli ilisuguliwa kwa msasa, ikapakwa grisi tele na kurudishwa. Tangu siku hiyo, kila mwaka masika yanapokwisha, Mwalimu hufungua bolti na nati moja baada ya nyingine, hata zisizo na shida yoyote, akazipaka grisi na kuzifunga tena. Majirani humwona mzee asiye na kazi. Kumbe kazi ndiyo hiyo: kufungua kinachofunguka kabla hakijakataa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wengi hudhani kuwa methali hiyo inahusu nyumba tu. Kilichofungwa kikasahauliwa, kiwe nati, kiwe neno baina ya ndugu wawili, hushikamana kimyakimya. Nguvu za ghafla hukikata kichwa na kuliacha shina ndani. Hufunguliwa na mafuta kidogo, muda, na mkono unaojua kwenda mbele kidogo na kurudi nyuma kidogo, na aliye tayari kutembea kwa miguu wakati akingoja.