Duka la Denver, Kliniki ya Nakuru
Watafiti wa hapa Colorado, Marekani, walipigia simu maduka 400 ya bangi. Mpigaji alijidai ana mimba ya wiki nane na kichefuchefu kimemzidi. Matokeo yalichapishwa 2018: karibu maduka saba kati ya kila kumi yalimshauri atumie bangi. Wauza duka, si madaktari! Bado hunikera.

Bangi ya starehe iliruhusiwa hapa kwa kura ya 2012, na tangu Januari 2014 mtu mzima huingia dukani akainunua kama anayenunua sabuni. Wanawake wengi wamechukulia kwamba kilichoruhusiwa hakina madhara.

Kwetu Nakuru, Kenya, mwenye mimba changa hutafuna tangawizi, hunusa ndimu, au hununua odowa, mawe laini ya kutafuna, sokoni. Odowa nayo ina madhara yake, lakini angalau mama anaweza kuitaja mbele ya nesi. Bangi hawezi. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 inaiharamisha, na mjamzito anayevuta pale mitaa ya Rhonda au Bondeni anaogopa polisi, mama mkwe na majirani kwa pamoja. Akiulizwa kliniki, atasema hatumii chochote. Na wavutaji wapo: mwaka wa 2022 NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ilikadiria kuwa Wakenya zaidi ya 518,000 wa umri wa miaka 15 hadi 65 wanatumia bangi.

Kwa hiyo mjamzito wa Denver, hapa Colorado, anapotoshwa waziwazi, na wa Nakuru anabaki gizani. Hakuna kati yao anayepata maelezo anayostahili.

Maelezo yenyewe ni haya. THC, kemikali ya bangi inayolevya, hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Watoto wa akina mama wanaotumia bangi huelekea zaidi kuzaliwa na uzito mdogo au kabla ya wakati. Ni kweli kwamba wengi wa akina mama hao huvuta sigara pia, na si rahisi kutenganisha madhara ya kila kimoja. Lakini hakuna kiwango cha bangi kilichothibitishwa kuwa salama kwa mjamzito, na hilo kwangu latosha. Tena, kutumia bangi kwa muda mrefu kwenyewe huweza kumtapisha mtu vibaya. Kliniki zina dawa za kichefuchefu zinazofahamika kwa wajawazito.

Kunyonyesha ndiko kugumu zaidi. THC hujificha kwenye mafuta, na maziwa ya mama yana mafuta. Utafiti mwingine wa 2018 uliikuta humo hadi siku sita baada ya mama kutumia. Kukamua na kumwaga mara moja hakusaidii. Ila sitamwambia mama wa Nakuru amwachishe mtoto ziwa haraka haraka. Maziwa ya kopo ni ghali, na maji ya visima vyetu vingi yana floridi kupita kiasi. Cha kuachwa ni bangi, titi libaki.

Ningependa nesi wetu aulize swali la bangi faraghani, na jibu liishie kwake. Dada unayesoma haya na kuacha kumekushinda, piga 1192, laini ya NACADA. Ni bure.