Milimita Mbili

Mzee aliipenda Impreza kwa sababu ya Colin McRae. Mwaka wa 1997 McRae alishinda Safari Rally akiendesha Impreza ya buluu, na mzee, akila vumbi kando ya barabara, akaapa kwamba siku moja atakuwa na yake. Alikuja kupata WRX, mtumba. Alipofariki, mathe alinikabidhi funguo na sharti moja: "Usiigeuze iwe gari ya wahuni."

Rimu zake zilikuwa zimepindwa na mashimo ya barabara zetu. Huko Grogan nikapata nne zilizotoka kwenye Toyota Celica, bei poa. Nikahesabu matundu ya nati: matano, kama yetu. Nikapima duara lao: milimita 100, kama yetu. Akiba ya miezi mitatu ikaenda.

Kwa fundi, rimu ikagoma. Matundu yaliingia sawa, lakini katikati ikakwama. Shimo la katikati la rimu ya Toyota ni milimita 54.1, habu ya Subaru inataka 56.1.

"Boss, usijali," fundi akasema, mkono tayari kwa grainda. "Naigusa tu kidogo. Ama tukaze nati kwa nguvu, itajivuta yenyewe."

Nilikaribia kusema sawa. Pesa ilishaenda, na Jumamosi hiyo nilikuwa nimeahidi kumpeleka mathe ushago. Kisha nikamwona kwenye kiti cha abiria, tukiteremka Mai Mahiu, lori nyuma yetu. Rimu isipolala vizuri kwenye habu, mzigo wote unabaki kwa nati. Na shimo likichongwa kwa mkono, haliwi duara tena.

"Hapana, fundi. Zirudishe kwa buti."

Nilizipeleka kwa jamaa wa kukereza vyuma kwa mashine. Siku mbili, na gharama karibu sawa na bei ya rimu zenyewe. Safari ikaahirishwa. Mathe akaninunia wiki nzima.

Jumamosi iliyofuata zikaingia bila kusukumwa. Nati nilitumia zile zile za mzee, maana nyuzi za Toyota ni tofauti.

Mathe aliizunguka gari polepole, akapiga tairi teke, vile mzee alikuwa akifanya kabla ya kila safari.

"Bado ni za wahuni," akasema. Akaingia, akafunga mkanda.