Msomi na Msomaji

Hapa kwetu Chinongwe, wilayani Ruangwa, mtu aliyeishia kidato cha nne haitwi msomi. Msomi ni yule aliyefika chuo kikuu. Mimi mchana nalima ufuta, usiku naandika riwaya kwenye daftari, na vijana wenzangu kijiweni wananicheka: "Wewe nawe msomi wa wapi?"

Basi nikaanza kulichunguza neno lenyewe. Chukua tendo la kusoma, litie mkia wa -i, unapata msomi: mtu aliyekwisha kuelimika. Litie -aji, unapata msomaji: mtu ambaye bado yumo kazini, anasoma. Mzizi ni ule ule, mkia tu umebadilika, na heshima nayo imebadilika! Tena hiyo -i ina ubabe, mara nyingi huigeuza hata sauti iliyo jirani yake: pika ikazaa mpishi, andika mwandishi, jenga mjenzi, tunga mtunzi. Lakini -aji hulipokea tendo kama lilivyo: mpikaji, mwandikaji, mjengaji, mtungaji.

Usidhani mkia wa neno ni kitu kidogo. Zamani huko Italia waliishi Waetruski, na kaskazini yao, kwenye milima ya Alps, Wareti. Lugha zao zilikufa yapata miaka 2,000 iliyopita. Yaliyobaki zaidi ni maandishi mafupi kwenye mawe, shaba na vyungu. Mwaka 1998 mtaalamu wa Kijerumani, Helmut Rix, alitoa hoja kwamba lugha hizo ni ndugu. Alitegemea nini? Viambishi, hasa mikia ya maneno: ile inayoonyesha mwenye mali, na ile ya tendo lililopita. Wenye lugha wamekwenda, mikia imebaki kutaja ukoo.

Mimi nimeshachagua mkia wangu. Usomi hutolewa na wakubwa, pamoja na cheti na muhuri. Usomaji na uandikaji hautolewi na mtu. Hiyo -aji haikuulizi ulipata divisheni gani. Inauliza jana ulifanya nini, na leo je?

Nanyi wenzangu mliofungiwa mlango wa kidato cha tano, msingoje kuitwa waandishi ndipo mshike kalamu. Kuweni waandikaji kwanza. Hiyo -shi, ikija, itatukuta mezani.