Maji Laini na Jua Kali

Picha ya maporomoko inayopendwa na wengi ni ile ambayo maji yake yamelainika kama pamba iliyochambuliwa. Huwekwa kwenye kalenda, nazo kalenda hutundikwa sebuleni. Hapa Gendabi, chini ya Mlima Hanang, picha ya namna hiyo ina ugumu wa aina mbili: wa hesabu na wa moyo.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo nyepesi. Ili maji yalainike, shata ya kamera, yaani kile kilango kinachoruhusu mwanga kuingia, sharti ikae wazi kwa kitambo, tuseme nusu sekunde. Penye kivuli cha msitu mnene, kama ule wa Udzungwa, hilo halina taabu. Lakini kwenye korongo lililo wazi, jua likiwa utosini, mambo ni mengine. Kanuni ya wapigapicha wa tangu zamani yasema kwamba penye jua kali, ukitumia filamu ya ISO 100 na tundu la lenzi la f/16, shata ifunguke kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde hivi. Kutoka hapo hadi nusu sekunde, muda huongezwa maradufu mara sita. Kwa hiyo mwanga utakaoingia ni mara 64 ya ule unaohitajika, na povu litatoka jeupe tupu. Dawa yake ni filta ya kijivu yenye kupunguza mwanga kwa kiasi hicho hicho, na stendi ya miguu mitatu. Asiye na filta na asubiri wingu, au aje alfajiri.

Sasa ugumu wa moyo. Katika karne ya 19 maji yalilainika kwenye picha kwa sababu vioo vya kupigia picha vilipokea mwanga polepole mno. Upungufu wa chombo, baada ya miaka mingi, umegeuka kuwa urembo. Sina ugomvi na urembo. Lakini tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikashuka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi ikiwamo. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Je, mtu wa huku aliyeona maji yakibeba mawe, tumwoneshe picha ya maji yaliyo kama usingizi wa mtoto, tumwambie kwamba huo ndio mlima wake?

Hapo ndipo ninapolishukuru jua kali ambalo wengine hulilaumu. Ukilibana tundu la lenzi hadi f/22, jua hilo hilo litakudai sehemu moja ya 60 ya sekunde. Ongeza filta ya kuondoa mng'ao kwenye mawe yaliyolowa, utafika karibu na sehemu moja ya 25. Kwa muda huo maji huacha michirizi mifupi, lakini uzito wake huonekana: unaona yanakotoka, unaona yanakogonga. Kwa sehemu moja ya 500 matone husimama hewani kama vipande vya kioo. Kwa nusu sekunde nguvu yote huyeyuka. Katikati ya hayo mawili pana ukweli wa kutosha.

Kwa kijana mwenye kamera nina maagizo mawili. La kwanza, nyuma ya kila picha andika tarehe na muda wa shata, ili atakayeitazama ajue ulimlainishia maji kwa kiasi gani. La pili ni kubwa zaidi: kabla ya kusimika stendi yako korongoni, tazama kileleni. Jua laweza kuwaka huku chini wakati mvua inanyesha juu, na maji ya mlima hayamsubiri mtu amalize kuhesabu sekunde. Ukiona kilele kimejifunika, funga vyombo vyako upande ukingoni. Picha itapatikana siku nyingine.