Wewe Ndiye Kabati la Picha la Ukoo

Ukitaka kujua picha moja ina thamani gani, fika kwenye msiba wowote hapa Kirumba au Pasiansi saa chache baada ya taarifa kutoka. Turubai halijafungwa, vijana ndio kwanza wanashusha viti, na tayari kuna mtu anazunguka na simu akiuliza, "Nani ana picha nzuri ya marehemu?" Inatakiwa ya kusafisha kubwa na kuweka kwenye fremu, ya kubandika kwenye ratiba ya mazishi, wakati mwingine ya kuchapa kwenye fulana. Mara nyingi inayopatikana ni ile ya kitambulisho, marehemu amekaza uso kama anadaiwa. Watu wanaipokea kwa sababu hakuna nyingine. Au ipo, ila hakuna anayejua iko kwenye simu ya nani.

Haya nayajua kwa sababu watu hao huwa wanakuja kwangu. Baba yangu mdogo alikuwa mpiga picha wa mtaani. Harusi, kipaimara, mahafali, sherehe za vikoba, picha za pasipoti, zote alipiga yeye, kuanzia Kirumba hadi Nyamanoro. Alifariki mwaka 2022. Ndugu walipokaa kugawana vitu, kamera ilipata mtu, printa ikapata mtu, hata stuli ya studio ikapata mtu. Zikabaki picha. Shangazi akasema, "Hizo apewe ticha, si ndiye mwenye laptopu?" Ticha ni mimi, nasoma ualimu. Laptopu yenyewe ndiyo nilikuwa nimetoka kuinunua kwa boom la kwanza. Hakuna aliyeuliza kama ina nafasi.

Naandika haya kwenye jarida letu kwa sababu najua siko peke yangu. Wengi wetu hapa chuoni ni wa kwanza kwenye ukoo kumiliki kompyuta mpakato. Mama simu yake ikijaa, anakwambia uhamishie picha kwako "zisipotee". Kaka akioa, mpiga picha anakukabidhi wewe flashi. Bila kikao wala barua, umeshateuliwa kuwa kabati la picha la ukoo mzima. Sasa tuulizane, hilo kabati likiibiwa kesho hosteli, ukoo unabaki na nini?

Nianze na hesabu. Nilipokusanya kila kitu kutoka kwenye memori kadi, flashi na kompyuta yake ya mezani iliyokuwa inazimika hovyo, zilifika picha 38,000 na ushee, jumla GB 162. Laptopu yangu imeandikwa GB 256, lakini ukiifungua Windows inakuonyesha kama 238 tu, kwa sababu mtengenezaji anahesabu kwa elfu moja na Windows inahesabu kwa 1,024. Toa nafasi ya Windows yenyewe na programu, GB 60 hivi. Toa picha. Zinabaki 16 za slaidi za wahadhiri, kazi za kundi na filamu mbili tatu za wikiendi. Kompyuta ikijaa hivyo inaanza kwenda kwa kujikokota.

Wenzangu wakanishauri, "Si upandishe mtandaoni, mambo yaishe?" Google wanatoa GB 15 bure kwa kila akaunti, na hizo ni za barua pepe, Drive na picha kwa pamoja. Zamani Google Photos ilipokea picha bila kikomo ukikubali zipunguzwe ubora kidogo, lakini utaratibu huo ulikoma tarehe 1 Juni 2021. Kwa GB 15, hata sehemu ya kumi ya picha za baba mdogo haiingii. Na hata ningelipia nafasi, kazi ya kuzipandisha iko palepale. Kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, ambayo ndiyo niliyokuwa naipata usiku kwa simu, GB 162 zinataka saa 180. Hizo ni siku saba na nusu usiku na mchana, umeme usikatike, bando lisiishe. Mwanafunzi gani ana bando hilo?

Wapiga picha wana kanuni yao wanayoiita tatu-mbili-moja, iliyoenezwa na Mmarekani Peter Krogh katika kitabu chake cha utunzaji wa picha za kidijitali. Kila picha iwe na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na nakala moja ikae mbali na nyingine. Kila namba ina sababu yake. Nakala tatu, kwa kuwa mbili zinaweza kufa wiki moja. Aina mbili, kwa kuwa ugonjwa unaoua chombo cha aina moja si lazima uue cha pili. Na moja iwe mbali, kwa kuwa mwizi akibeba begi anabeba laptopu pamoja na flashi uliyoiita bakapu, ikiwa mfuko wa pembeni.

Kanuni hiyo nimeipunguza ienee mfukoni mwangu. Nakala ya kwanza iko kwenye laptopu. Ya pili iko kwenye diski ya nje ya GB 500 niliyoinunua kwa kujibana semista nzima. Inakaa nyumbani Kiseke, haiji chuoni. Ya tatu ndiyo ilinisumbua akili. Mwisho niliamua kuchagua. Kwa kila mteja wa baba mdogo nilitafuta picha moja ambayo uso wake unaonekana vizuri, nikazipata kama 2,900. Nikazipunguza ukubwa hadi kama KB 500 kila moja, ambao bado unatosha kusafisha picha ya kuweka kwenye fremu ndogo. Jumla haikufika GB 1.5. Hizo nilizipandisha mtandaoni usiku mmoja, chini ya saa mbili. Zikipotea zote zilizobaki, angalau kila mtu atakuwa na sura.

Diski nayo ina ujanja wake wa kununua. Mjini kwenye meza za vifaa vya simu utaona flashi imeandikwa TB 2 kwa bei ya chipsi kuku mbili. Mwenzangu, hiyo ni feki. Ndani yake mna nafasi ndogo, pengine GB 16, ila imechezewa ili idanganye kompyuta kuwa ni kubwa. Utahamisha picha, itapokea bila malalamiko, na majina ya mafaili utayaona yote yamejipanga. Siku ya kufungua, mengi ndani hayana kitu. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw. Inaijaza flashi yote kisha inasoma kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Ifanyie kazi hiyo kabla hujaweka hata picha moja.

Na hata kama diski ni halali, usiamini maneno ya "imekamilika". Mimi naangalia idadi ya mafaili na ukubwa wake pande zote mbili, halafu nafungua picha ishirini za hapa na pale. Tunafundishwa darasani kwamba daftari halisahihishwi kwa kutazama jalada.

Kuna jambo moja linawachanganya wengi, hata wanaosoma kompyuta. Kusawazisha simu na mtandao si sawa na kuweka nakala rudufu. Kusawazisha ni kama kioo: ukijikuna, naye anajikuna. Ukifuta picha kwenye simu ili upate nafasi, na huko mtandaoni inafutika. Nakala rudufu ni ile inayobaki hata wewe ukiharibu. Na zile unazosema "ziko kwenye grupu la WhatsApp" usizihesabu, kwa sababu WhatsApp inazibana picha ili zipite haraka. Ukitaka ifike kama ilivyo, itume kwa njia ya kutuma nyaraka.

Kazi iliyonila muda kuliko zote ilikuwa ya majina. Kamera ya baba mdogo iliziita picha DSC_0001 na kuendelea, ikifika DSC_9999 inarudi mwanzo. Maana yake kwenye picha 38,000 kuna DSC_0412 nne, na ni watu wanne tofauti. Ukizimwaga kwenye folda moja, kompyuta itakuuliza kama ibadilishe iliyopo. Ukibonyeza ndiyo bila kusoma, bibi harusi wa Nyasaka anafutwa na mtoto wa kipaimara. Bahati nzuri kila picha hubeba tarehe yake ndani, na zipo programu za bure za kubadilisha majina mengi kwa mpigo kufuata tarehe hiyo. Sasa folda zangu zinasomeka 2016-08-13_Harusi_Nyasaka. Mwaka ukitangulia, zinajipanga zenyewe.

Ila tarehe haikwambii huyu ni nani. Hilo lilikuwa kichwani kwa baba mdogo, na nusu yake kwenye kaunta buku alimoandika oda: jina la mteja, mtaa, kiasi alicholipa, kiasi alichobakiza. Hilo kaunta buku nimelipiga picha kurasa zote, nalo lina nakala tatu. Nikikutana na uso usio na jina, namuuliza mama. Yeye asipojua, anaita jirani. Jioni moja ya namna hiyo wanapata majina kumi, na umbea wa kutosha wiki mbili.

Mwaka jana alikuja mzee mmoja kutoka Kitangiri. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa. Alitaka picha ya binti yake, iliyopigwa kwenye mahafali ya kidato cha nne mwaka 2013. Binti amefariki, na mjukuu ameanza kuuliza mama alikuwaje. Tulitafuta pamoja. Mwaka 2012 upo, 2014 upo. Mwaka 2013, kuanzia Juni hadi Desemba, haupo. Zilikuwa kwenye diski moja tu, na ile diski ilikufa wakati baba mdogo mwenyewe yuko hai. Kwenye kaunta buku jina la binti lilikuwepo, na kwamba alishalipa yote. Mzee aliliangalia lile jina muda mrefu. Akasema, "Basi, ticha. Nitamsimulia kwa mdomo."

Tangu siku ile sijawahi kuona hii kazi kama mambo ya kompyuta.

Habari zikasambaa, wakaanza kuja na wenye picha za karatasi. Mama mmoja alileta picha ya kaka yake, kingo zimeliwa, rangi imegeuka wekundu. Kaka huyo alikuwa MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imeshakaribia Mwanza. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na kaka yake alipanda daraja hilo. Hakuna karatasi inayosema alikuwemo. Hiyo picha ndiyo yote aliyonayo, na ilikuwa moja duniani. Sina skana. Tuliilaza mezani karibu na dirisha, mahali penye mwanga usiopiga moja kwa moja, nikazima mwako wa kamera, nikashika simu sambamba na meza, nikapiga mara tano na kuchagua iliyo bora. Dakika kumi. Alitoka akiwa nazo kwenye simu yake na ya mwanawe, nami nikabaki na moja.

Picha hubaki kwa mtu aliyeamua kuzitunza, na mara nyingi ni mtu mmoja tu wa ukoo. Pale Mji Mkongwe, Zanzibar, kuna Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Mwanawe Rohit akairithi kazi na picha, ndiyo maana Zanzibar ya kabla ya Mapinduzi bado inaonekana dukani humo. Asipokuwepo mtu kama huyo, zinatunzwa na wengine huko mbali. Mkusanyiko mkubwa wa picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, uitwao Winterton, uko maktaba ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Nashukuru upo. Lakini sitaki mjukuu wa Kitangiri atafute sura ya mama yake Marekani.

Kutunza si kuanika. Picha hizi ni za watu, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Siweki za watu kwenye status wala Instagram, hata ile ya mwenyekiti wetu wa mtaa akicheza mduara. Mtu anakuja, anataja jina, anapewa zake.

Limebaki jambo moja ambalo kanuni ya tatu-mbili-moja haikulisema. Nakala tatu zenye nenosiri linalojulikana na mtu mmoja ni nakala moja tu, na hiyo nakala inapanda bodaboda kila asubuhi. Kwa hiyo nimeandika kila kitu kwenye karatasi: diski iko wapi, akaunti ipi, nenosiri lipi. Karatasi iko kwenye bahasha kabatini kwa mama. Na likizo iliyopita nilimfundisha mdogo wangu wa kidato cha tatu kuhamisha, kuhesabu na kubadilisha majina.

Likizo inakuja tena. Kabla hujafuta chochote ili upate nafasi ya filamu, chukua simu ya mama, hamisha, tafuta diski ya pili hata kwa kuchangishana na ndugu, halafu kaa naye akutajie majina ya walio kwenye picha. Anza na wazee. Mdogo wangu yuko mwaka 2014 sasa hivi, na jana amenipigia kuuliza yule mwanamume mwenye suti ya kijivu anayeonekana kwenye kila harusi ni nani. Sijui. Tumekubaliana Jumapili twende tukamuulize jirani.