Mida, Maji Yakipwa

Matatu ya Malindi kwenda Mombasa ikishapita Gede, mwambie utingo akushushe Mida. Vumbi litakupaka hadi nyusi, lakini ukishika njia ya kuteremkia kwenye hori, upepo wa kaskazi unakulaki na harufu ya chumvi na tope la mikoko. "Karibu, kaka! Umekuja wakati mzuri, maji yanapwa," akaniambia kijana wa Kigiriama anayetembeza wageni. Hapa ratiba hupangwa na bahari.

Tukavuka daraja la mbao lililoning'inizwa katikati ya mikoko, likiyumba kwa kila hatua, hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Mbele yetu tope lilimetameta, limejaa ndege. Vitwitwi hutambulika kwa mwendo wao: mbio, simama, dona. Mdomo ni mfupi na macho ni makubwa, hivyo huwinda kwa kuona. Kitwitwi wa kijivu, mzaliwa wa nyanda za Aktiki, aliporuka alifunua weusi wa kwapani. Sululu, mwenye mdomo uliopinda kwenda chini, alikuwa akipekua mashimo ya kaa.

Kisha akatua niliyemfuata: mla-kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, mdomo mnene mithili ya koleo. Huyu huzaliana Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu. Huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Alimdona kaa mdogo, akamtikisa, akammeza mzima. Jirani yake, kinda wa kijivu aliyekwisha kuvuka bahari yote ile, bado alikuwa analia alishwe, na mzazi akamlisha.

Adhuhuri jua lilituchoma na tope likataka kubaki na ndala zangu. Tukakimbilia Dabaso, kwenye mkahawa wa mbao juu ya maji. Sambusa za kaa zilifika za moto, na ndimu pembeni. "Kula, mwanangu, usione haya," mama mpishi akasisitiza, akaongeza nyingine bila kuombwa.

Nenda kati ya Septemba na Aprili. Ulizia kwanza saa za kupwa na kujaa, uvae viatu visivyoogopa tope, wala usiwe na haraka ya kurudi. Mida humpa kila mgeni mlo wake, awe ametoka Siberia kwa mabawa au Nairobi kwa basi.